Skrubu ya Mwisho

Rafiki yangu, fundi kompyuta, si mtu wa uongo. Mwanangu alipofariki, Mungu amrehemu, nilimpelekea kompyuta yake iliyopondeka aiwashe tena, nisikie sauti aliyojirekodi. Mazabodi, ubao mkuu wa ndani, ilikuwa nzima, lakini mashimo yake hayakulingana na kasha jipya.

"Dada, hii ni ndoa ya kulazimishana," alinitania.

Nilipoondoka, alinisimulia baadaye, umeme ukakatika. Duka lake halina dirisha. Akaendelea kwa kurunzi. Kinguzo kimoja cha kasha, kijiti cha chuma cha kushikia skrubu, kilidunga mazabodi kwa chini. Badala ya kuking'oa, akakaza skrubu ya mwisho kwa nguvu. Mazabodi ikapinda, ikatoa mlio. Kisha mtoto akalia ndani ya kasha, ambalo halikuwa na waya wala spika.

Akaanza kuilegeza skrubu.

"Kaza tu, mjomba," sauti ikamwambia taratibu. "Mama anasubiri."