Upasuaji Ambao Mama Hakuniambia

Kila nikitoka shule nilipitia kibandani kwa mama, fundi cherehani, nikamsaidia kufumua nyuzi na kushona vifungo. Huko nilijionea wateja wanavyozungushwa. "Gauni lako? Limebaki vifungo tu, mama. Njoo Ijumaa," mama angesema, na kitambaa chenyewe bado kimo mfukoni, mkasi haujakigusa. Mteja akishageuza mgongo, tulicheka. Mama alicheka mdomo mzima, mimi nilicheka nusu.

Nilipokuwa na miaka minne niliugua sikio vibaya, na ugonjwa huo ukaharibu mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Tangu hapo shavu langu la kushoto lilikaa tu, kama halinihusu. Nikicheka, mdomo ulivutwa kulia. Nikinywa maji, yalichuruzika kushoto. Darasani waliniita Bibi Nusu. Nililizoea jina hilo, lakini sikulipenda hata siku moja.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili, mama aliniambia tumepata nafasi katika hospitali kubwa yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa uso.

"Unalala, wanarekebisha, ukiamka unacheka," alisema huku akipiga pasi suruali ya mtu.

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu, mwanangu. Imekwisha hiyo."

Nikatangaza darasa zima. Hata mwalimu wa zamu nilimwambia aandae kamera.

Siku ya nne baada ya upasuaji, muuguzi alikuja kunibadilishia bandeji. Shavu lilikuwa limevimba, na mguu uliniuma nyuma, kwenye kigimbi, wala sikujua kwa nini. Nikamwomba kioo, nikacheka kwa nguvu zangu zote. Mdomo ukaenda zake kulia.

"Haijafanya kazi!" nilipiga kelele.

"Taratibu, mdogo wangu," muuguzi alisema. "Huu ni upasuaji wa kwanza. Wametoa kipande cha mshipa wa fahamu mguuni, wakakiunga upande wako wa kulia, ulio mzima, wakakipitisha chini ya ngozi hadi kushoto. Sasa tunasubiri uote, kama miezi tisa hivi. Halafu ndiyo unakuja upasuaji wa pili, wa kupandikiza msuli. Kwani mama hajakuambia?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa anakunja shuka lililokwisha kunjwa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka mwanzo?"

"Ungekataa kuja, mwanangu."

Sikulia. Kumbe na mimi nilikuwa mteja wake, nimeambiwa vimebaki vifungo tu. Jambo hilo liliniuma kuliko mguu, kuliko shavu. Wale wa kibandani walikuwa watu baki. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kumzaa, na nilimwamini kuliko mtu yeyote duniani.

Shuleni walinizunguka. "Cheka tuone!" Nikajifanya naumwa jino, nikainamisha kichwa kwenye dawati mpaka kengele ilipogongwa. Nyumbani nilimjibu mama kwa "ndiyo" na "hapana," na kibandani sikukanyaga tena.

Daktari alikuwa ametuelekeza nigonge shavu la kushoto kwa ncha ya kidole kila asubuhi. Siku nikihisi msisimko, tutajua mshipa umefika.

"Vipi leo?" mama aliuliza kila siku.

"Hamna kitu."

Miezi saba ilipopita, nilikuwa napiga mswaki. Nikagonga shavu, nikahisi kama sisimizi wanatembea ndani yake. Nilitaka kuruka kwa furaha.

"Vipi leo?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Hamna kitu," nikajibu. Nilitaka na yeye aonje kusubiri kitu kisichokuja.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani, alinigonga shavuni.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akagonga tena, karibu na mdomo. "Na hapa?"

"Hapana."

Akavua miwani. "Kama mshipa haujashika, siwezi kupandikiza msuli. Msuli utakaa tu bila kazi. Itabidi nifute tarehe ya upasuaji." Akachukua kalamu.

"Subiri kidogo, daktari," mama alisema. Akanigeukia. "Nilikudanganya. Nilijiambia nakuonea huruma, kumbe nilijionea huruma mwenyewe, maana niliogopa kukuona ukilia. Sina cha kujitetea. Nisamehe, mwanangu."

Mama huyu hakuwahi kumwomba radhi hata mteja aliyeshonewa mikono miwili isiyolingana. Hasira yangu yote ikaniishia palepale.

"Nasikia," nilisema. "Ni kama sisimizi. Nasikia tangu miezi miwili iliyopita."

Daktari alitutazama kwa zamu. "Nyinyi wawili mmefanana kweli," alisema. "Na mimi nina kosa langu. Nilizungumza na mama, nikadhani nimezungumza na wewe. Mgonjwa ni wewe, kwa hiyo uliza lolote."

"Nikiamka nitacheka?"

"Hapana. Utasubiri miezi mingine mitano hivi, na utafanya mazoezi kila siku."

"Na isiposhika?"

"Mara chache haishiki. Siwezi kukuahidi."

Nilimwona mama akifungua mdomo ili anifariji, kisha akaufunga.

"Basi niandikie tarehe," nikasema.

Wakanitoa msuli pajani, wakaupanda shavuni. Nikaanza tena kusubiri, lakini safari hii nilijua ninachosubiri. Mwezi wa tano, nikiosha vyombo na mama, alinitania kuhusu sufuria niliyoiunguza, nikacheka. Kitu kikavuta upande wa kushoto.

"Mama, mdomo umesogea?"

Alisogea karibu, akanitazama vizuri. "Umesogea kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele," alisema. "Zamani ningekuambia umecheka kuliko wote. Mimi nimejifunza, na wewe jifunze ukiwa bado mdogo: mtu unayempenda mwambie ukweli kama ulivyo, halafu kaa naye, hata akilia."

Nililia kweli. Naye akakaa.