Mkono Huu Ni Wangu

Tiii! Kitu kidogo cha chuma kilianguka sakafuni. Kilibingirika, kikagonga mguu wa kitanda changu, kikatulia.

Kulikuwa bado na giza, lakini nilijua ni nini. Ilikuwa ringi ya pazia.

Mimi hulala katika chumba cha kushonea, kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Juu ya mlango wa chumba hicho kuna msumari. Kila alfajiri binti yangu alisimama pale na kujaribu kutundika ringi kwenye msumari ule. Kila alfajiri mkono wake wa kulia ulifika usawa wa sikio, ukakwama.

"Umeniamsha," nilisema.

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani mimi. Huo msumari ndio una kiburi."

Alicheka. Kisha aliinama, akaiokota ringi, akajaribu tena.

Binti yangu ni fundi wa mapazia. Mtaa mzima humwita Fundi. Hupima dirisha, hushona, kisha hupanda ngazi na kutundika. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyeweza kuinua mikono. Wateja walikuwa wameanza kwenda kwa mafundi wengine.

Nieleze ilivyokuwa. Zamani Fundi alikuwa mnene sana. Sukari ilimpanda, daktari akamwonya. Alibadilisha chakula. Kila jioni alitembea na mumewe, mvua inyeshe isinyeshe. Akapungua mpaka nguo zake zote zikawa kama za kuazima.

Lakini ngozi ya mikono haikupungua pamoja naye. Ilining'inia kutoka kwapani hadi kiwikoni. Wakati wa joto ilisuguana, ikatoka vipele, vipele vikawa vidonda. Basi alikwenda hospitali. Daktari wa upasuaji akaiondoa ngozi iliyozidi, mikono yote miwili.

Watu walisema anatafuta urembo. Yeye aliwajibu, "Na ingekuwa urembo, je? Kwani nimekata mkono wako?"

Lakini matokeo hayakuwa mazuri. Kovu la mkono wa kulia lilivimba, likawa gumu, likawasha. Kwapani lilikaza kama kamba iliyovutwa. Mkono wa kushoto ulibaki na mkunjo wa ngozi karibu na kiwiko, kama mfuko mdogo mtupu.

Katika jengo la jirani alikaa mwalimu mstaafu. Miguu yake haikuwa na nguvu tena, hivyo alishinda kitandani. Jua la mchana lilimpiga usoni. Kabla ya upasuaji, Fundi alikuwa amemwahidi pazia zito. Alilishona, likabaki limekunjwa juu ya kiti changu.

Mkwe wangu, mume wa Fundi, alikwenda kwa Mwalimu na ngazi.

"Mwalimu, nitalitundika mimi."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, ni mume wa fundi."

"Basi asante, mume wa fundi. Namngoja mwenye kazi yake."

Mkwe wangu hakukasirika. Alimfungia shuka dirishani ili jua lipungue, akamjazia maji ya kunywa, akarudi na ngazi yake. Na nyumbani alimsaidia mkewe kuchana nywele. Zilikaa upande kama zimepigwa na upepo, lakini Fundi alitoka nazo hivyo hivyo.

Siku moja alikuja wifi yake, dada wa mkwe wangu. Aliliona kovu, akasonya.

"Wifi, haya uliyataka mwenyewe. Sasa vaa mikono mirefu unyamaze."

"Mikono mirefu nitavaa baridi ikija," Fundi alijibu.

"Si nakusaidia? Ukitaka, yule mwenye saluni pale kona ana sindano ya kuyeyusha makovu. Unachomwa leo, kesho umepona."

Wifi alipoondoka, nilimkuta Fundi mbele ya kioo, ameshika chaki ya kupimia nguo. Alikuwa amejichora mstari mweupe juu ya kovu.

"Madaktari wakate hapa," alisema. "Wakate kesho. Au nichomwe hiyo sindano. Nimechoka, mama."

Sikubishana naye. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya juu, nikagonga kwa Bi Plasta.

Bi Plasta ni muuguzi katika wodi ya vidonda. Tunamwita hivyo kwa sababu mkoba wake haukosi plasta. Hakuna mtoto wa jengo letu aliyeanguka asitibiwe goti na mama huyu. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini, hata viatu hajavua. Alishuka nami vilevile.

Alinawa mikono, akaligusa kovu polepole kwa ncha za vidole.

"Linauma?"

"Linawasha. Na linavuta."

"Kuna homa? Usaha? Mkono unakufa ganzi?"

"Hapana."

"Vizuri. Hayo matatu ukiyaona, au kidonda kikifumuka, au mkono ukivimba ghafla, hungoji hata kidogo. Unakwenda hospitali muda huo huo. Sasa nionyeshe lile vazi la kubana ulilopewa baada ya upasuaji."

Fundi alilileta. Ni kama mkono wa nguo, wa kitambaa kinachovutika. Huvaliwa ili uvimbe upungue. Bi Plasta aliligeuza ndani nje, akasogea dirishani.

"Huu mshono hapa kwapani ni wa nani?"

Fundi alitazama chini. "Wangu. Niliona limelegea. Nikalibana kidogo kwa cherehani."

"Kidogo?"

"Vidole viwili."

Bi Plasta alicheka mpaka akakaa kitandani kwangu. "Ee, jamani! Wagonjwa wengine huacha kulivaa. Wewe umelipunguza kiuno!"

Fundi naye alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Sikiliza, mwanangu," Bi Plasta aliendelea. "Likibana mno, linakata mahali pamoja na kuumiza kidonda. Na nina hakika ulipanda ngazi mapema."

"Wiki ya pili," nilisema mimi. Fundi alinikata jicho.

"Basi hayo ni yako. Lakini huo mkunjo wa kushoto hukuusababisha wewe. Usibebe makosa yote peke yako."

"Nilipiga simu kule hospitali," Fundi alisema. "Niliambiwa kovu ni kovu, nishukuru nimepona."

"Shukuru, kisha urudi. Kurudi kwa daktari si ugomvi. Ni haki yako."

"Nirudi wanikate tena kesho?"

Bi Plasta alilitazama lile pazia la Mwalimu juu ya kiti. Pini zilikuwa bado zimeshika upindo wa chini.

"Mbona hili hujalimaliza?"

"Kitambaa kizito hakikunjwi upindo siku ya kushonwa," Fundi alisema. "Unakitundika kwanza. Kinaning'inia, kinashuka. Kikiacha kushuka ndipo unapima na kukata. Ukikata mapema, pazia litapinda."

Aliutazama mkono wake, na ule mstari wa chaki.

"Umejijibu," Bi Plasta alisema. "Kovu huanza gumu na lenye rangi kali. Baadaye hulainika lenyewe, lakini huchukua miezi mingi, pengine mwaka au zaidi. Ndiyo maana mara nyingi daktari hurekebisha baada ya miezi sita, au mwaka. Akikata kovu bichi, anaweza kuleta lingine baya zaidi."

"Na ile sindano ya saluni?"

"Sindano za kulainisha kovu zipo kweli. Lakini ile ni dawa. Anaichoma daktari anayejua kiasi. Ya saluni hujui ndani mna nini. Ukiharibikiwa, yeye atarudi kupaka watu rangi ya kucha."

Fundi alichukua kitambaa, akafuta chaki mkononi.

Tulikwenda hospitali pamoja. Mapokezi palikuwa na dada mmoja mwenye haraka.

"Hayo ni ya kawaida," alisema, bila kutazama. "Nendeni nyumbani tu."

Fundi alivua mtandio. Aliinua mkono wa kulia. Ulikwama usawa wa sikio.

"Hii ndiyo kawaida? Hebu inua wa kwako, dada yangu."

Yule dada aliinua mkono wake. Ulikwenda juu kabisa, bila shida. Aliutazama kama hajawahi kuuona.

"Siondoki," Fundi alisema taratibu. "Sitapiga kelele, lakini siondoki. Mkono huu ni wangu, nataka kuutumia."

Yule dada aliushusha mkono. Aliinuka, akaniletea mimi kiti, kisha akaenda kugonga mlango wa daktari. Mpaka leo nakikumbuka kiti kile.

Daktari alipima mikono yote miwili. Fundi alimweleza habari ya cherehani, hakuficha. Daktari alikuna kidevu.

"Kwapani tuna makosa wote wawili," alisema. "Vazi lilikata, lakini hata mshono wangu ulipita umenyooka mno pale. Kushoto ni mimi. Niliacha ngozi. Inaweza kurekebishwa."

"Nitapenda daktari wa pili aangalie pia," Fundi alisema.

Nilishika mkoba wangu nikingoja ngurumo. Lakini daktari aliitikia kwa kichwa.

"Ni sawa kabisa. Nitakupa maelezo ya upasuaji wa kwanza umpelekee, ajue nini kilifanyika."

Daktari wa pili alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisema karibu yale yale, akaongeza jambo moja. "Lisipolegea kwa mazoezi, pale kwapani tutakata zigizaga."

"Ahaa!" Fundi alisema. "Mshono ulionyooka ukivutwa hukataa. Wa zigizaga hunyumbuka."

"Ndivyo hivyo. Lakini usitarajie mkono usio na kovu. Kovu litabaki. Tunachotafuta ni kovu laini, bapa, lisilokuzuia kazi. Na uzito wako ubaki hapo ulipo, usipande wala kushuka sana."

"Kovu si adui yangu," Fundi alijibu. "Kukwama ndiko adui."

Alimchagua huyo. Daktari wa kwanza hakununa.

Tukaanza kungoja, lakini si kungoja kwa kukaa bure. Fundi alivaa plasta laini za silikoni juu ya kovu, kama alivyoelekezwa. Alilifunika lisipigwe na jua. Daktari mwenyewe alimchoma sindano pale palipovimba, mara kadhaa, kwa nafasi. Kila jioni mkwe wangu alilikanda kovu kwa mafuta, ulimi umetoka nje kwa bidii.

"Polepole, baba," Fundi alimwambia. "Huo si mguu wa meza."

Asubuhi alitembeza vidole juu ya fremu ya mlango, na pale vilipofika alitia alama ya chaki. Alama zilipanda. Kisha zikasimama. Kovu lilikuwa limelainika na halikuwasha tena, lakini ile kamba ya kwapani ilikataa kulegea.

Wifi alirudi. "Si nilikwambia? Umepoteza wakati wote huu. Kubali tu."

"Wifi," Fundi alisema, "nikikubali, utakuja kunitundikia mapazia?"

Wifi akaomba maji ya kunywa.

Wakati ulipofika, Fundi alifanyiwa upasuaji wa kurekebisha. Kwapani walikata zigizaga, na kushoto waliondoa ule mkunjo. Alirudi na vazi jipya la kubana. Siku hiyo hiyo nilificha mkasi na sindano zote za cherehani.

"Mama, huniamini?"

"Nakupenda. Kukuamini tutaona."

Safari hii hakupunguza kitu, wala hakupanda ngazi mpaka daktari aliporuhusu. Bi Plasta alishuka kila alipotoka kazini kumtazama kidonda. Sikuwahi kumsikia akisema amechoka.

Miezi ilipita. Alfajiri moja niliamka mwenyewe. Nilisikiliza. Nilingoja ile tiii ya sakafuni. Haikuja.

Niliwasha taa. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili juu. Ringi ilikuwa kwenye msumari. Hakulia. Alikuwa akiutazama ule msumari kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku hiyo alivaa gauni lisilo na mikono alilolishona mwenyewe, la kijani. Wifi tulikutana naye mlangoni.

"Wifi, makovu yanaonekana!"

"Basi macho yako ni mazima, wifi. Nishikie ngazi."

Na wifi, niseme ukweli, aliishika. Aliibeba hadi kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa kitandani, amejikinga jua kwa kiganja. Fundi alimwamkia, akapanda, akaitoa ile shuka iliyochakaa. Aliinua mikono yote miwili, akatia ringi moja moja kwenye fimbo ya pazia. Akashuka, akaliacha lining'inie mpaka likaacha kushuka, ndipo akachomoa pini, akalipima upya, akashona upindo kwa mkono pale pale, amepiga magoti sakafuni. Halafu alivuta pazia. Kivuli kizuri kilitanda chumba kizima.

Mwalimu alishusha kiganja chake. Alilitazama pazia, lakini si kwa muda mrefu. Alimtazama Fundi.

"Sogea hapa. Nionyeshe huo mkono."

Fundi alisogea. Mwalimu alipitisha kidole juu ya kovu, kutoka kiwikoni hadi kwapani, mpaka pale kwenye zigizaga.

"Watu waliniambia nitafute fundi mwingine," alisema. "Nikawaambia mimi si wa kuambiwa."

"Hata mimi, Mwalimu."

"Naona. Sasa pazia nimelipata, na dirisha ni hilo moja tu. Hutakuwa na sababu ya kuja." Alimshika vidole. "Njoo tena hata bila sababu. Njoo Jumamosi. Na hiyo ngazi uiache nyumbani."