Sanduku la Ukoo wa Hathersby

Hili sikusimuliwa na mtu. Tochi niliishika mimi, kwa mkono huu huu.

Rafiki yangu Edgar Hathersby alifuata chimbuko la jina lake hadi kanisa la kijiji kimoja, Lincolnshire. Bintiye Hester, aliyekuwa mahututi, alihitaji uboho wa mifupa kutoka kwa ndugu wa damu, na ndugu hawakuonekana.

Bi Maud, mtunza kanisa, alifungua makufuli matatu ya sanduku la kumbukumbu, akatoa daftari la mazishi, akalifunga sanduku likiwa tupu.

"Nyie wa mjini! Kila mmoja anatafuta babu mfalme."

"Mama, hata mwizi wa kondoo nitampokea, mradi kaacha wajukuu."

Taa ikazimika. Nikamulika, Edgar akasoma kwa sauti: Josiah Hathersby. Ndani ya sanduku pakagongwa, ko! Tabitha Hathersby. Ko! Kila marehemu na ko yake.

"Acha, mwanangu!" Bi Maud alilia.

Lakini Edgar alikuwa amekwisha kwa kumhofia bintiye. Hofu nyingine haikuwa na pa kuingia. Akapiga magoti, akalinong'oneza sanduku jina la Hester. Kimya. Akatoka mbio kumwahi mwanawe hospitalini.

Yote niliyaona. Nimetunga kitu kimoja tu: hicho kimya.