Sawa Aliyoisema Lornah

Upepo uliwakuta katikati ya ziwa, ufuo wa Dunga ukiwa mstari mwembamba tu nyuma yao. Wimbi la kwanza liliinua ubavu wa boti, la pili likaipindua. Lornah alipoibuka alibonyeza kitufe cha koti lake la kupigia mbizi; likajaa hewa kutoka mtungi wa mgongoni, likamshika. Mbele yake, baba mkwe wake, Mzee Obonyo, alibonyeza, akabonyeza tena, koti halikujaa. Akazama.

Lornah alijua sababu papo hapo, na moyo ukamchoma.

Asubuhi hiyo walikuwa wanaanza mafunzo ya kuzamia. Nyavu za vizimba vya samaki vya familia zilikuwa zimechanika chini ya maji, na lazima mtu ashuke azishone. Boti ilikuwa nyembamba, kwa hiyo mwalimu wao, Badru, aliwavalisha vifaa vyote ufuoni, akasisitiza kila mtu amkague mwenzake kwa mikono: valvu ya mtungi, mkanda wa uzito, vifungo vya kifuani. Mkaza mwana ampapase baba mkwe kifuani, mbele ya akina mama wauza samaki wanaomjua? Thubutu! Lornah alisimama kando, akamtazama mzee juu hadi chini, akasema sawa. Heshima gani hiyo, ya kumpeleka mtu ziwani na mtungi umefungwa? Na Mama Dorca, mke wa mzee, alikuwa amemwomba jambo moja tu: amrudishie mumewe salama.

Alipiga mbizi, akamshika ukosi, akamvuta juu. Mzee alitapika maji. Uzito ulikuwa ukiwazamisha wote wawili.

"Mkanda," mzee alisema.

Lornah alimzungushia miguu kiunoni, akamkumbatia. Mkono mmoja ulipapasa tumboni mpaka kifungo kikaachia, mkanda ukaenda chini. Mkono wa pili ulipita nyuma ya shingo, ukazungusha valvu, kisha ukabonyeza kitufe. Koti likajaa. Mzee akaelea, amefumba macho.

Badru, aliyeng'ang'ania boti iliyopinduka, alisukumwa mbali hadi hawakumwona tena. Wao wawili walikwama kwenye gugu maji. Lornah alifunga mkanda wa koti lake kwenye la mzee, wakakaa hivyo jua likiwachoma, midomo ikipasuka.

"Baba, sikukukagua," alisema mwishowe, akilia.

Mzee aliushika mkanda uliowaunganisha. "Najua. Hata mimi nilishukuru hukunigusa."

Saa tisa alasiri wavuvi waliwaopoa. Badru ndiye aliyewatuma, baada ya kuokolewa mwenyewe. Ufuoni aliuliza nani alikagua valvu ya mzee. Mzee akaanza kusema kosa ni lake.

"Ni mimi," Lornah alimkatiza. "Niliangalia kwa macho tu."

Mama Dorca alimsikia. Alimfunika mumewe leso, wakaondoka bila kumtazama Lornah. Afadhali angemtukana.

Wiki tatu baadaye walirudi palepale. Mzee aliinua mikono, akangoja. Lornah alianza na valvu, akashuka kwenye mkanda. Hapo akasita. Wauza samaki walikuwa wakiwatazama.

Mama Dorca alitoka kati yao, akasimama karibu naye.

"Na kifungo cha kifuani," alisema. "Kikaze."

Lornah akakikaza.