Wino Mweupe kwenye Bakuli la Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Azmina hunywa chai ya maziwa na bibi yake, Rehmat, katika fleti yao ya ghorofa ya kumi na nne, St. James Town, Kanada. Jumamosi ile ya mwaka 2011 chai ilimpoa mkononi. Aliinuka, akaketi, akaenda dirishani, akarudi. Bibi alimuuliza kama ameketi juu ya siafu.

Siku mbili nyuma, alipokuwa akifuta vumbi, bakuli la Bibi lilimponyoka na kumeguka kipande ukingoni. Kipande alikitupa, pengo akalipaka wino mweupe wa kufutia makosa ya daftarini. Na leo bakuli lilikuwa linapelekwa maabara kupimwa.

Daktari Bosibori, mtafiti kutoka Kisii, alichunguza vyombo ambavyo wahamiaji wa Kichina walisafiri navyo na kuuziana ng'ambo. Mashine yake ya eksirei ilionyesha madini yaliyomo kwenye chombo, kisha akayalinganisha na udongo wa tanuri za China. Walipofika maabara, Bibi alimweleza kwamba mama yake alipewa bakuli hilo Unguja na jirani Mchina, mnunuzi wa majongoo bahari. Hakubakiwa na kitu kingine cha mama yake.

Daktari alielekeza mashine ukingoni, pasipo na michoro. Akakunja uso.

"Madini ya titani ni mengi mno. Hii ni rangi ya kisasa. Samahani Bibi, siwezi kuliingiza kwenye orodha yangu."

Bibi alisema kwa sauti ndogo kwamba basi mama yake alimdanganya. Akaanza kulifunga bakuli kwenye kanga.

 Azmina akinyamaza, hakuna atakayejua. Siku zote humjibu Bibi kwa Kiingereza. Safari hii Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Bibi, mama yako hakudanganya. Nililivunja mimi, nikapaka wino mweupe."

Daktari aliusafisha wino, akapima upya ukingoni na kitakoni. Sasa vipimo vililingana na vya tanuri moja ya kusini mwa China. Udongo huohuo, alisema, aliupata kwenye vigae vya kambi ya zamani ya Wachina waliojenga reli hapahapa Kanada. Akaliandika bakuli kwenye orodha, na jina la mama yake Bibi pembeni.

Kituoni wakisubiri basi, Azmina bado alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Bibi alimshika bega.

"Tulia sasa. Pengo nitalizoea," alisema. "Wino ule ni wa makosa ya daftarini. Ukimkosea mtu, sema, maana kosa ukilificha atalibeba mwingine. Leo nusura alibebe mama yangu."