Kati ya Fizi na Shavu

Mke wa mwokaji mikate alikuwa akitafuna, na mdomoni hamna kitu.

Alisimama mbele ya mizani, unga mkononi, ameukodolea ukuta macho, taya zikisaga taratibu. Alipozinduka alitema mate. "Kuna panya ameoza humu," akasema. Mumewe alipekua hadi nyuma ya tanuri. Hakuona panya.

Baadaye mikono ikaanza kushtuka, mabakuli yakiruka. Kisha akawa anaanguka, povu lenye damu likimtoka. Daktari aliwaeleza kwamba kifafa si cha aina moja: kipo cha kuduwaa na kutafuna, cha kushtuka, cha kuanguka. Dawa nazo ni makundi: zipo zinazozuia umeme wa ubongo usisambae, zipo zinazoutia breki, na inayofaa aina moja huweza kuchochea nyingine. Akachagua vidonge vya kila siku, akaongeza bomba dogo la dawa, lisilo na sindano.

"Akikakamaa zaidi ya dakika tano, tia hii kati ya fizi na shavu. Na vidonge msiviache ghafla."

Vidonge vikafanya kazi. Jiko likatulia.

Dada wa mwokaji ndiye aliyevimwaga chooni. "Jini halitibiwi kwa chokaa, kaka. Mganga kasema linataka kusema, nyie mnaliziba."

"Na likishasema?"

"Litaondoka. Kwani umeoa mke au duka la dawa?"

Kesho yake mchana likasema. Mke alianguka kando ya meza ya kukandia, akakakamaa, akatikisika, akatulia, na kabla hajazinduka akaanza tena, na tena, na kooni mwake, meno yakiwa yameumana, ikatoka sauti nene yenye majimaji: "Mmeninyima chakula."

"Mama yangu!" dada akanong'ona, mgongo ukutani.

Mwokaji akapiga magoti kwenye mkojo na mate, uozo ule sasa hata yeye akiunusa, akalivuta shavu kwa kidole ili bomba lipate nafasi, na mle ndani, upande wa nje wa meno, mahali ambapo ulimi wa mtu aliyeuma meno haufiki, kitu chembamba, baridi, chenye magamba madogo kikajizungusha kwenye kidole chake kikaanza kukinyonya, naye akajitapikia begani lakini hakuutoa mkono, akaisukuma dawa mpaka tone la mwisho.

Kikaachia. Taratibu mwili wa mkewe ukalegea, pumzi ikarudi. Alipofumbua macho alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "Nina kiu."

Mumewe alimnywesha, kisha akaenda kunawa. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa chumvi. Kidole kikaruka. Kikaruka tena, peke yake, kisha cha pili, kisha kiganja, mtikisiko ukipanda kuelekea kiwiko bila haraka, kama mwenye nyumba anayepanda ngazi zake.

Alirudi jikoni ameushikilia mkono. Dada yake alipouona, akakimbia.

Mkewe aliutazama, akajisogeza sakafuni kumpa nafasi.

"Lala ubavu, mume wangu," akasema. Alikuwa tayari anakunja mikono ya gauni lake.