Jina la Mpimaji

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Ernesta alipoitwa kisimani Nyakahura. Maji yalikuwa yanakwama.

Programu ya kisima aliiandika yeye. Ilikuwa na mkono mmoja tu: ikimhudumia mwenye ndoo, haiwezi kupima kina. Kwa hiyo kila dakika kumi iliiacha foleni kidogo, ikapima, ikarudi. Kisima kikikauka bila kujulikana pampu inaungua, na pampu ni hiyo moja. Zamani kazi ya kupima ilikuwa ya mzee Luhende, aliyefariki Pasaka. Kwa heshima, Ernesta aliipa jina la mzee. Aliandika: "Luhende. Amka, pima, lala."

Watu walimtania kwamba mashine ya msomi wa chuo kikuu nayo huenda kunywa chai. Akaangalia. Kila kipimo kilichelewa kumalizika kuliko kilichotangulia, kama cha mtu aliyechoka. Akauzima upimaji, ndoo zikaanza kujaa.

Dakika kumi zikapita.

Ngo. Ngo. Ngo.

Bomba liligongwa. Hakuna aliyekuwa karibu nalo. Harufu ya ugoro ikapita... Kwenye kompyuta pakatokea: "Luhende, mita tisa."

Marehemu, mnusa ugoro, aligonga hivyo kila alipotaka kushusha kamba ya kupimia.

Kwandu, mjane wake, akatua ndoo. Ernesta akampa shikamoo, hakuitikia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tangu mashine iwashwe, upande wa marehemu kitandani hubonyea na kuinuka, kila baada ya dakika kumi, hadi kunakucha. Alidhani mchawi amemfanya msukule, analimishwa shamba la mtu. Amezunguka kwa waganga hadi Biharamulo mjini, akimtafuta huyo aliye naye.

"Kumbe ni wewe, mwanangu."

Ernesta hakusikia kitu moyoni. Aliuliza tu afanye nini.

"Usimkatize. Mwache amalize, kisha usimwite tena."

Akasubiri bomba ligongwe mara ya mwisho, kipimo kikaingia. Akalifuta jina.

Asubuhi kisima kilikuwa hakijapimwa. Akaandika: "Kipimo. Amka." Bila jina la mtu, hakuna kilichoamka. Akarudia mara tatu. Nje, ndoo zilishaanza kupangwa.

Akaandika "Ernesta", akawasha, akaukalia mkono wake wa kulia usije ukainuka wenyewe kugonga bomba, akangoja dakika kumi.